Kushindanisha Mashua za Rimoti Mombasa: Mwongozo wa Chombo, Maji na Kanuni

Mashua ya rimoti ikishaachiwa majini haina baharia wa kufumua fundo wala wa kuchota maji ngamani. Kosa lililofanywa juu ya meza hubaki nalo mpaka chombo kirudi gatini, na kwetu Mombasa, ambako maji ni ya chumvi, mkondo una nguvu na upepo hufuata msimu, kosa hilo halichukui muda kujionyesha. Mwongozo huu nimeuandika kwa kikundi cha watu wanne au watano wanaotaka kuanzisha mashindano yao katika Hori ya Tudor, Mtwapa au penginepo palipo na maji tulivu, na ambao wangependa mbio ziishe bila ugomvi na bila vyombo kuliwa na kutu.

Hatua ya kwanza: kubalianeni daraja moja la vyombo

Msianze na mchanganyiko wa vyombo vya kila urefu mkitumaini kusawazisha baadaye kwa hesabu. Chombo kirefu hukimbia kuliko kifupi hata kikiwa mikononi mwa mwanagenzi, na baada ya wiki tatu hakuna anayejua kama ameshindwa na mwenzake au na urefu wa chombo cha mwenzake.

Kwa vijana na kwa wenye mfuko mdogo napendekeza DF65, chombo cha milimita 650 kinachouzwa kikiwa karibu tayari na kinachobebeka hata ndani ya matatu. Kwa watu wazima wanaopenda kuunda kwa mikono yao, daraja linalofaa ni International One Metre, ambalo lilianzishwa mwaka 1988 na linasimamiwa na International Radio Sailing Association. Kanuni zake ni za vipimo: mwili wa chombo usizidi milimita 1,000, uzito wote usipungue gramu 4,000, kina cha chombo ndani ya maji kiwe kati ya milimita 370 na 420, na mkuku, yaani bapa la chini linalokizuia chombo kisipinduke, pamoja na risasi yake uwe na uzito wa kati ya gramu 2,200 na 2,500. Kila chombo kinaruhusiwa seti tatu za mlingoti na matanga, kubwa, ya kati na ndogo, na kaboni imekatazwa kwenye mwili na kwenye mlingoti. Katazo hilo ndilo linalonifanya nilipende daraja hili, kwa sababu fundi wa faiba anayetengeneza mashua za wavuvi anaweza kuutoa mwili wa chombo kwenye kalibu yake, na kikashindana bila aibu na kilichotoka ng'ambo.

Nunueni kwa pamoja mizani ya dijitali inayosoma gramu. Chombo kikipungukiwa na uzito, mwenyewe abandike vipande vya risasi ndani yake, avifunge kwa epoksi na aandike mahali vilipo.

Hatua ya pili: zuieni chumvi kabla haijaingia

Miongozo mingi imeandikwa na watu wanaoshindana kwenye mabwawa ya maji baridi, kwa hiyo jambo hili hulipita kwa sentensi moja. Kwetu ndilo linaloamua kama chombo kitaishi msimu mmoja au mitano. Katika msimu wangu wa kwanza niliua vipokezi viwili, yaani visanduku vinavyopokea mawimbi ya rimoti, na chombo hakikuzama hata mara moja. Kilichoviua ni matone yaliyopenya kwenye tundu la kamba ya tanga na kukauka humo ndani, yakaacha chumvi ambayo kila ikipata unyevu huanza upya kula shaba.

Weka kipokezi na betri katika kikopo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, ukipandishe juu karibu na sitaha, kisikae ngamani ambako maji hukusanyika. Waya zinapoingia kikoponi, ziba kwa silikoni. Paka grisi ya silikoni kwenye shina la sevo, yaani mota ndogo, ya usukani na kwenye mfereji ambamo shina la usukani hupita, kwa kuwa mfereji mkavu hunyonya maji kama utambi. Tundu kubwa la sitaha lizibe kwa kipande cha kitambaa cha tanga chenye gundi, na ukibadilishe kila siku ya mashindano. Kipande kilichotumika mara mbili hushika pembeni na kuachia katikati. Skurubu za chuma kisichoshika kutu zinazoingia kwenye mlingoti wa alumini zipakwe grisi pia, maana metali mbili tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa, na dhaifu hapo ni mlingoti wako.

Mbio zikimalizika, beba galoni ya maji baridi ukiwa bado gatini. Mwagia chombo kizima, matanga, kamba na viungo vyote, fyonza maji ya ndani kwa sponji, kisha kiache wazi usiku kucha mahali penye hewa. Usikifungie ndani ya begi kikiwa na unyevu hata kama nyumbani ni karibu.

Hatua ya tatu: pangeni umeme na rimoti

Chombo cha mashindano cha namna hii huhitaji njia mbili tu za rimoti, moja ya usukani na nyingine ya winchi inayovuta na kulegeza kamba za matanga. Rimoti za siku hizi hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo hayapenyi maji. Basi ncha ya antena ya kipokezi ni lazima iwe juu ya usawa wa maji, la sivyo chombo kitakusikia kikiwa karibu na kukuasi kikifika mbali.

Betri mbili za LiFePO4 zilizounganishwa kwa mfululizo hutoa takriban volti 6.6, na tano za NiMH hutoa volti 6. Soma kwanza kiwango cha winchi na sevo zako. Washa rimoti kwanza, kisha chombo. Unapozima, chombo kitangulie. Kabla ya kufunga kamba kwenye winchi, izungushe tupu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na uweke mipaka yake kwenye rimoti, kwa sababu winchi isiyojua pa kusimama hukata kamba au huungua. Rimoti ikikuruhusu kuchagua chombo kifanye nini mawasiliano yakikatika, chagua matanga yalegee.

Hatua ya nne: someni maji kabla ya kutangaza tarehe

Wavuvi wetu hawatazami kalenda ya ukutani kabla ya kutazama mwezi, nasi tufanye vivyo hivyo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa yaweza kupita mita 3, na mkondo unaotoka Hori ya Tudor kuelekea Bandari ya Kale huwa na nguvu kuliko matanga ya chombo cha mita moja. Nimewahi kukitazama chombo changu kikiwa kimeelekeza omo, yaani pua yake, ndani ya hori huku chenyewe kikirudi nyuma upande wa Daraja la Nyali, na kama asingekuwapo mvuvi mwenye mtumbwi, kingefika bahari kuu.

Chagueni siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu. Kwa kawaida siku hizo maji hujaa kati ya asubuhi na adhuhuri, na mbio zianze saa moja kabla ya kujaa zimalizike saa moja baada yake. Hakikisheni saa hizo kwenye jedwali la maji la bandari, na mpatane mapema na mtu mwenye mtumbwi na kasia, alipwe hata ikiwa hakuna chombo kilichohitaji msaada.

Mahali pa kuachia chombo pawe na kina, kwa sababu mkuku wa sentimita 42 hauelei kwenye mchanga unaoteremka polepole. Ngazi za gati au ukuta uliosimama wima unafaa zaidi kuliko ufuo mzuri. Ombeni ruhusa ya mwenye mahali hapo.

Hatua ya tano: tegeni maboya yasiyohama

Boya lililofungwa kwa kamba moja lina shida mbili. Maji yakipwa kamba hulegea, boya likazurura mita kadhaa, na kamba iliyolegea huwa mtego wa mikuku. Dawa yake ni uzito wa pili. Funga jiwe zito au mfuko wa mchanga kwenye ncha moja ya kamba, liwe nanga. Pitisha kamba kwenye pete iliyo chini ya boya. Kisha kwenye ncha ya pili funga kipande cha risasi chepesi kuliko nanga na ambacho boya linaweza kukibeba. Maji yakipungua, kipande hicho huteremka na kuvuta kamba ile iliyozidi, hivyo kamba hubaki imenyooka na boya hukaa mahali pake. Pima kina kwanza, ili kipande kisifike chini kabla mbio hazijaisha.

Njia ya mbio isiwe na mafumbo: boya moja juu, upande unakotoka upepo, maboya mawili chini, ambapo nahodha huchagua lipi azunguke, na mstari wa kuanzia katikati, uliokatiza upepo kwa pembe mraba. Wakati wa Kusi boya la juu litakuwa upande wa kusini, na wakati wa Kaskazi mtaigeuza njia yote.

Hatua ya sita: matanga kwa msimu

Kusi ya Juni hadi Agosti hushika nguvu kadiri jua linavyopanda. Tazameni omo: likianza kuzama kila upepo unapovuma kwa ghafla na usukani ukatoka majini, teremsheni seti kubwa mfunge ya kati, hata kama mwenzenu bado anang'ang'ana na kubwa. Kaskazi ni mpole zaidi asubuhi. Hapo legezeni ukingo wa nyuma wa tanga kuu ili sehemu ya juu ifunguke kidogo, kwa kuwa tanga lililokazwa sana katika upepo mchache hukisimamisha chombo.

Hatua ya saba: jifunzeni kanuni tano kabla ya mbio ya kwanza

Mashindano haya hufuata kanuni za mbio za matanga za World Sailing, zinazohaririwa kila baada ya miaka minne, na toleo la sasa ni la 2025 hadi 2028. Kiambatisho E ndicho cha vyombo vya rimoti. Someni yote, lakini anzeni na haya.

Vyombo viwili vikikutana, kimoja kikipokea upepo ubavu wa kushoto na kingine ubavu wa kulia, kile cha kushoto humpisha mwenzake. Vikipokea upepo ubavu mmoja na vikawa sambamba, kilicho joshini, yaani upande unakotoka upepo, humpisha kilicho demanini. Kilicho nyuma kabisa humpisha kilicho mbele. Anayegeuza omo kupitia kwenye upepo awapishe wengine hadi amalize kugeuka. Na kwenye boya, vyombo vikiwa sambamba wakati cha kwanza kinapofika umbali wa urefu wa vyombo vinne, cha nje humwachia cha ndani nafasi ya kuzunguka. Vyombo vikubwa hutumia vitatu, sisi vinne, kwa hiyo kwa chombo cha mita moja ni mita 4. Kanuni hii ya boya haitumiki kwa vyombo vinavyobisha upepo, yaani vinavyopanda kuelekea unakotoka, vikipokea upepo pande tofauti, na hapo ndipo wageni hukosea zaidi, kwa kuwa hudhani kuwa ndani kunatosha.

Ukikosa, au ukigusa boya, jitenge na wenzako upesi na uzungushe chombo mara moja kamili, omo lipite kwenye upepo mara moja na tezi, yaani sehemu ya nyuma, mara moja. Ikiwa hata baada ya hapo umebaki na faida kubwa, zunguka tena. Ikiwa umemvunjia mwenzako chombo, jitoe.

Dakika ya mwisho kabla ya kuanza ihesabiwe kwa sauti kila baada ya sekunde 10, na sekunde 10 za mwisho zihesabiwe moja moja. Afadhali irekodiwe kwenye simu na kuchezwa kwa spika, ili mhesabuji asishutumiwe.

Hatua ya nane: malalamiko na alama

Anayelalamika atamke papo hapo, mara mbili, namba ya tanga lake, neno la kupinga, na namba ya mwenzake. Jambo lililonyamaziwa majini lisifufuliwe kwenye kahawa. Aliyepotewa na mawasiliano atangaze namba yake kuwa haidhibitiki. Atakuwa amejitoa, na wengine watakikwepa chombo chake kama kizuizi.

Wekeni mtu mmoja asiyeshindana, kazi yake kutamka namba za vyombo vilivyogusana au kugusa boya. Ukiwa umesimama pembeni, macho hudanganya kuhusu umbali. Nimeapa mara nyingi kwamba sikumgusa mtu, na mtazamaji aliyesimama hatua kumi kutoka kwangu alikuwa ameona mguso ambao mimi sikuweza kuuona.

Wa kwanza apewe alama 1, wa pili 2, na kuendelea. Mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Andikeni kabla ya kuanza ni mbio ngapi mbaya zitaondolewa. Sisi huondoa moja baada ya mbio nne. Wawili wakilingana, linganisheni nafasi zao bora kwanza, kisha mbio ya mwisho. Kabla ya kusoma matokeo, chombo cha aliyeongoza kifyonzwe maji na kuwekwa kwenye mizani mbele ya wote, na gramu zake ziandikwe kando ya alama.