Unaitamani Toyota Crown au Mark X na unaishi Tanga? Piga hesabu kwanza

Haupiti mwezi hajanipigia mtu, kaka kuna Crown Athlete huku Ngamiani, namba D, nyeupe, haina ata mkwaruzo, nichukue? Na ukimsikiliza sauti unajua kabisa huyu roho ishaenda, anatafuta tu mtu wa kumwambia chukua. Mi siwezi kukuamulia, ila nitakwambia navyopima mimi, mengine ni wewe na mfuko wako.

Cha kwanza ujue unanunua injini gani, maana watu wanasema Crown Crown kama vile zote ni moja. Ile ya 2003 mpaka 2008, wanayoiita Zero Crown, ipo ya 4GR cc 2499 yenye farasi 215, ipo ya cc 3000 kasoro, na kuanzia 2005 ikaja Athlete ya 2GR cc 3456 farasi 315. Mark X ya kwanza, 2004 mpaka 2009, nyingi zilizopo mtaani ni hiyohiyo 4GR. Zote V6, na ukiacha zile za i-Four, zinazosukuma tairi zote nne, zote zinasukuma tairi za nyuma. Sasa farasi 315 utazikimbiza wapi? Mjini kwetu hapa unapishana na baiskeli, bajaji na mama anavuka na ndoo ya samaki. Ukitoka kwenda Dar ni kama kilometa 350, lakini kabla ata hujafika Segera ushapita Pongwe, Muheza, Hale, kote huko vibao vya 50 na tochi ziko kwenye vichaka. Kusema kweli ile nguvu utaitumia sekunde sita unapopita lori, basi. Ni sekunde tamu sana, sikatai, ila ndo hizo unazolipia.

Sasa hesabu. Chukua karatasi uandike kilometa zako za mwezi, sio za kukisia, angalia odometa ya gari au pikipiki unayotumia sasa ivi. Tuseme 600 za hapahapa mjini, Raskazone, Makorora, sokoni, kupeleka watoto shule. 4GR kwa foleni ndogo na AC iko on weka kilometa 7 kwa lita, kwaiyo lita 86 kwa mwezi. Gari ndogo ya cc 1300 inayokupa 14 inakula lita 43. Zidisha kwa bei iliyopo sheli leo, alafu hiyo tofauti itoe mfukoni miezi mitatu mfululizo, iweke pembeni, usiiguse, hapo bado hujanunua kitu. Kama mwezi wa pili ushaanza kuichomoa ya umeme na ada, jibu umelipata bila kugombana na mtu. Tenki lenyewe ni lita 71, watu wengi hawajawahi kulijaza tangu wanunue, wanaweka ya elfu ishirini ishirini taa ya njano inawaka mwaka mzima.

Kama unaagiza Japani usiangalie bei ya gari tu, ingiza kwanza kwenye kikokotoo cha TRA, cc zikishapita 2000 ushuru unapanda na hizi gari kwa umri wake zinakula pia ile ya uchakavu. Wengi wanashtuka hapo, kodi inakaribia bei ya gari yenyewe.

Ukiamua kununua mkononi mwa mtu, nenda asubuhi mapema na usimwambie saa kamili. Ukifika kabla ata ya salamu kuisha weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto jamaa kaipasha, kuna kitu hataki ukisikie. Injini ikiwa baridi iwashwe, simama nyuma uangalie moshi, sikiliza kama inatetemeka ikiwa sailensa. Hizi 4GR na ile ya cc 3000 kasoro zinarusha petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwaiyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta, uchafu mweusi unaganda pale mpaka gari inakuwa nzito na inatetemeka. Fundi anayejua atafungua manifoldi asafishe, asiyejua atakubadilishia plagi sita na koili na ugonjwa utabaki palepale. Alafu chungulia pampu ya maji, ukiona ukoko wa pinki umekauka pembeni yake, inavuja.

Kisha lala chini. Namaanisha lala, chukua kipande cha boksi ulalie. Kwetu pwani chumvi haina huruma, gari iliyokuwa inapaki karibu na bahari juu inang'aa kama imetoka melini jana, chini subframe, yale machuma yanayobeba injini na miguu, inamenyeka kama mkate wa jana. Nilishawahi kubonyeza na bisibisi ikazama, mwenye gari akaniambia aah hiyo vumbi tu shehe.

Na usisahau ziko chini sana. Ndugu yangu alikuwa na Athlete ya inchi 18, tairi zile nyembamba za 225/45, tukaenda nayo Pangani kwenye shughuli kipindi cha masika, njia bado ya udongo, watu watano ndani na sufuria mbili za pilau kwenye buti. Tulikwangua mpaka tukazoea, kumbe sampo, lile karai la oili chini ya injini, imepata ufa. Taa ya oili ikawaka, akasema tufike tu pale mbele. Bahati tulimlazimisha azime. Tulirudi Tanga tunavutwa na Canter, pilau tulilila barabarani.

Mimi mwenyewe nilichukua Mark X ya 2.5, rimu 16, kwa sababu natoka kwenda Dar mara mbili kwa mwezi na kule njiani inanipa 11 mpaka 12 kwa lita, kiti chake mgongo hauumi. Ila ya kwenda sokoni ni pikipiki. Mke wangu anasema nina gari la kuoshea, na Jumapili kweli huwa naiosha.