Kupokea Ndugu Kwenye Boti Unayoishi: Anza na Matangi

Ndugu wakisema wanakuja, wengi hukimbilia kuhesabu vitanda. Vitanda si tatizo, mtu hulala hata kwenye benchi la mezani. Kinachokatisha ziara ni maji kwisha na choo kujaa.

1. Piga hesabu ya siku

Aliyezoea boti hutumia kama lita 15 za maji baridi kwa siku. Mgeni mwekee 40, maana ataacha bomba wazi akipiga mswaki. Wenyeji wawili na wageni wawili ni lita 110 kwa siku. Tangi la lita 300 halifiki siku ya tatu jioni. Tangi la choo huwahi zaidi: watu 4, kila mmoja mara 5, lita 1.5 kila mara, ni lita 30. La lita 60 limejaa siku ya pili. Panga siku ya kuingia gatini kujaza maji na kumwaga choo kwanza, ndipo utaje urefu wa ziara.

2. Watumie ujumbe mapema

Mabegi yawe laini, ya kukunjika; sanduku gumu haliingii kabatini, litalala kitandani na mwenyewe. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kung'oa nanga, kwani aliyekwisha kuanza kutapika ataitapika nayo. Wazee wenye dawa nyingine na wajawazito wamuulize mfamasia kwanza.

Usiahidi mahali pa kupandia au kushukia na tarehe kwa pamoja. Chagua kimoja. Kukimbizana na tarehe ya ndege ndiko kunakowatoa watu baharini hali ya hewa ikiwa mbaya.

3. Somo la choo, kabla ya chai

Onyesha kwa vitendo. Mama mkwe hatakuuliza, ataona haya.

Kwa choo cha pampu ya mkono: fungua valvu ya maji ya bahari, weka kiswichi upande wa maji, lowesha bakuli. Kila mtu akae, wanaume pia. Akimaliza, apampu mara 15 hadi 20, taratibu na kwa urefu wote wa mpini. Kisha ageuze upande wa kukausha, apampu hadi bakuli likauke, na kiswichi kibaki hapo. Kikiachwa upande wa maji na valvu iko wazi, bakuli lililo chini ya usawa wa bahari linaweza kufurika na kujaza boti.

Kwa nini mara zote hizo? Bomba la kutolea uchafu mara nyingi lina upana wa milimita 38 tu, tena huzunguka mbali. Ukipampu mara tano, uchafu unabaki njiani na kuanza kunuka. Karatasi ziende kwenye ndoo yenye mfuniko. Tishu za maji, pedi, nywele na uzi wa meno hukwama kwenye valvu ya mpira, isifunge, na uchafu ukarudi bakulini.

Mpini ukiwa mgumu ghafla, mgeni aache na akuite. Akilazimisha, bomba huchomoka, na usafi huo utakuwa wako.

4. Mahali pa kulala

Wazee walale karibu na choo. Omo, yaani mbele ya boti, waachie vijana, kwa kuwa huko kitanda hupandwa.

5. Usalama

Jaketi okozi huchaguliwa kwa uzito wa mtu. La mtoto lijaribu kwa kulivuta juu mabegani. Likimpita masikio, mkanda wa mapajani haujakaza. Ngazini, kila mtu ashuke akiitazama ngazi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, hivyo valvu ya mtungi ifungwe kila baada ya kupika. Onyesha angalau wageni wawili redio ya mawasiliano ya VHF, chaneli 16 ya kuomba msaada.

6. Siku ya tatu, mpe jembe

Simu zichajiwe mchana, jua likiwa kali. Betri za risasi zikisoma chini ya volti 12.2 bila mzigo, yaani vifaa vikiwa vimezimwa, zimebaki nusu au pungufu. Kazi ya kusoma geji ya maji asubuhi na jioni mpe mgeni anayeoga kwa muda mrefu kuliko wote.