Saa za ndege uliyoijenga mwenyewe: madaftari mawili, hesabu mbili

RV-9A yangu, ndege ndogo ya viti viwili, niliijenga miaka sita gerejini hapa Texas, nikigonga ribiti usiku baada ya kazi. Ilipopata cheti chake, jamaa waliniuliza kama saa za ndege ya majaribio, kundi ambamo Marekani huweka ndege za kujijengea, zinahesabika kwenye daftari la rubani. Zinahesabika kabisa. Kanuni ya Marekani namba 61.51 inakubali ndege yenye cheti maalumu cha kuruka, na cha majaribio ni mojawapo.

Shida iko kwenye kuchanganya saa. Saa zako wewe rubani zinaanza ndege inapojongea kwa nguvu yake ili iruke, zinakoma inaposimama baada ya kutua. Saa za ndege, zile za matengenezo, zinaanza magurudumu yakiacha ardhi na kukoma yakiigusa tena. Siku moja nilijongea saa 2:06 asubuhi, nikaruka 2:18, nikagusa 3:12, nikasimama 3:18. Daftari langu: 1.2. Daftari la ndege: 0.9. Dakika sita ni sehemu moja ya kumi ya saa; ukizoea hilo hutahitaji kikokotoo.

Mwanzoni nilinakili tu mita ya saa iliyomo ndani ya ndege, kumbe yangu huanza kuhesabu mara oili ya injini inapopata presha. Safari kumi na moja nililazimika kuzirekebisha, na iliniuma. Tangu hapo kalamu na karatasi hukaa pajani, na ninaandika nyakati nne hizo kabla sijafunga mlango wa hanga. Majaribio ya kukimbiza ndege ardhini bila nia ya kuruka usiyaandike kama saa za kuruka, hata ukikesha nayo.

Kipindi cha kwanza cha majaribio kwa kawaida ni saa 25 ikiwa injini na propela ni jozi iliyoidhinishwa, vinginevyo 40. Soma masharti ya ndege yako. Mimi nilihesabu za hewani pekee. Ndizo zinazokuonyesha tabia ya ndege. Kwa kawaida unaruka peke yako, kwa hiyo andika rubani mkuu, na usimpakie mtu kwa sababu anakusihi. Kwenye maelezo andika ulichopima: joto la silinda, kasi ambayo bawa linaacha kubeba, uzito.

Saa zikitimia, andika kwenye daftari la ndege kwamba inaongozeka katika kasi zake zote za kawaida na haina tabia ya hatari, pamoja na kasi ulizopima, uzito na kitovu cha uzito. Tia tarehe na saini. Kisha ndipo mke wangu alipopanda.