Mapera yanayooza shambani: yale hivi, damu ifaidike

Msimu ukifika, Vihiga na Kakamega, magharibi mwa Kenya, mapera mengi huishia chini ya miti, chakula cha ndege na funza, huku tukienda sokoni kununua machungwa. Inaniuma kuona hivyo. Gramu 100 za pera zina takriban miligramu 228 za vitamini C. Za chungwa, kama 53.

Na vitamini hiyo ndiyo inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma, yanayotumika kutengeneza damu, yaliyo kwenye maharage na mboga za kienyeji, ambayo peke yake hufyonzwa kwa shida. Palipo na mama mjamzito au mtoto aliyepungukiwa na damu, hili si jambo dogo.

1. Vuna lililoiva, linalonukia. Bichi hukaza mdomo. Lipasue kabla ya kuuma, maana inzi wa matunda hutaga ndani.

2. Osha, ule na ganda lake.

3. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Lile pamoja na chakula: nyoyo (mahindi na maharage), kunde, saga (mgagani), mnavu. Ukilila alasiri wakati maharage uliyala mchana, hayo mawili hayakukutana tumboni. Mtoto aliyeanza kula, mpondee na uchuje mbegu.

4. Chai isubiri kama saa moja. Tanini zake, vitu vinavyoipa ukakasi, hushika madini ya chuma yasiingie mwilini. Najua kwetu chakula bila chai ni kama hakijaisha, lakini jaribuni.

Jemu ni tamu, ila moto huharibu sehemu kubwa ya vitamini C.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Mwalimu, mbegu hazileti kidole tumbo? Nyanya alitukataza.*
Kula mapera kwa kawaida hakuleti ugonjwa huo; mbegu hupita na choo. Ila mtoto akila mengi mno kwa mkupuo anaweza kufunga choo. Mpe kiasi, na maji.

*Mzee wangu ana kisukari. Ale?*
Ale tunda zima, moja kwa wakati, si juisi. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Dawa zake aendelee nazo.

*Majani ya mpera kwa mtoto anayehara?*
Mpe ORS (unga wa kuchanganya na maji, wa kurudisha maji mwilini) na zinki, umpeleke kituo cha afya. Maji yakiisha mwilini, majani hayatamwokoa.

*Nina mimba, kliniki wamenipa vidonge vya kuongeza damu. Naweza kuviacha nikila mapera?*
La, dada. Usiruke hata kimoja. Pera ni nyongeza tu, na vidonge hivyo pia usivimeze kwa chai.