Kadi za kikapu na jezi za Silverbacks, timu ya taifa ya Uganda ya kikapu: mwongozo kwa mkusanyaji aliye ughaibuni

Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, akakulia Kawempe, Kampala. Mwaka 2024 alivaa jezi ya City Oilers, klabu ya Uganda, kwenye BAL, ligi ya kikapu ya Afrika. Juni 2025 akachaguliwa wa 10 katika drafti ya NBA, pale timu za ligi hiyo ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya, na haki zake zikaishia Phoenix Suns. Kwa Mganda anayetaka kukusanya kadi za kikapu, yaani kadi zenye picha za wachezaji, hatujui mahali pazuri pa kuanzia kuliko hapo. Nawe uliyeko Waltham, London au Dubai una nafasi ambayo mwenzako wa Ntinda hana: soko liko karibu, gharama ya kutumiwa kadi ni ndogo, na mara nyingi unaweza kuishika kadi mkononi kabla ya kutoa pesa.

Nunua kadi moja moja, usinunue maboksi. Boksi huja limefungwa, hujui kadi zilizomo, kwa hiyo ni bahati nasibu. Laweza kumeza mamia ya dola likakuachia rundo la wachezaji usiowafuatilia, ilhali kadi uliyoitaka ilikuwa inauzwa peke yake kwa sehemu ndogo ya pesa hiyo. Ni vivyo hivyo kwa zile breki za mtandaoni, watu wanapochangia boksi na kila mmoja akapewa timu yake. Wanaokwenda kujiburudisha waende, ila mkusanyiko haujengwi hivyo.

Kisha chagua uzi mmoja na uufuate. Uzi wa wachezaji wa ukanda wetu una faida mbili: unaujua vizuri kuliko muuzaji, na sehemu yake kubwa ni ya bei nafuu. Dikembe Mutombo wa Kongo aliingia NBA mwaka 1991, kipindi ambacho viwanda vilichapa kadi bila kipimo, kwa hiyo kadi zake za msimu huo wa kwanza ni rahisi hata zikiwa safi kabisa. Manute Bol yumo kwenye seti za kampuni ya Fleer za mwishoni mwa miaka ya 1980. Luol Deng, mzaliwa wa Wau, ni wa drafti ya 2004. Ishmail Wainright aliichezea Uganda kwenye AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, ya 2021, kisha akaenda Suns. Uzi kama huo unaweza kuufuata mwaka mzima bila kugusa akiba ya ada za watoto.

Kwa Maluach kuna jambo la kuangalia sana. Kadi ya ruki, yaani ya msimu wa kwanza wa mchezaji kwenye NBA, ndiyo inayotafutwa zaidi. Kuanzia msimu wa 2009-10 leseni ya kuchapa kadi za NBA ilikuwa ya kampuni ya Panini peke yake. Tangu msimu wa 2025-26 imerudi kwa kampuni ya Topps. Basi ruki zake halali ni za Topps za msimu huo. Ukionyeshwa kadi yenye jezi ya Duke, hiyo ni ya chuo, inunue kama kadi ya chuo. Ukionyeshwa yenye jezi isiyo na nembo ya timu, jua haina leseni ya NBA, na bei yake iwe ya chini ipasavyo.

Bei anayoandika muuzaji ni ombi tu. Bei halisi ni ile mtu aliyokwisha kulipa. Kwenye eBay chuja orodha ibaki na vitu vilivyouzwa tayari, chukua mauzo matano ya karibuni ya kadi ile ile, toleo lile lile, daraja lile lile (alama ya ubora ambayo kampuni za upimaji huipa kadi), tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa, halafu tazama zilizobaki. Makosa mengi ya wageni hutokea kwenye neno “toleo”. Picha moja huchapwa kwa rangi kumi na zaidi: ya kawaida, ya fedha, ya dhahabu, na nyingine zenye namba kama 23/99, maana yake ni ya 23 kati ya 99. Ya kawaida na ya dhahabu zinafanana sana kwenye simu, bei zao hazikaribiani. Walioko Uingereza wakinunua kutoka Marekani wakumbuke kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 20%, maana kadi iliyoonekana rahisi hupanda ghafla inapofika.

Kuhusu bandia. Kadi inayoghushiwa kuliko nyingi ni ya Michael Jordan, Fleer 1986-87, namba 57. Usiinunue ikiwa haijapimwa na kampuni ya madaraja kama PSA, Beckett au SGC, hata muuzaji akiapa. Kwa kadi nyingine za zamani, nunua lenzi ya sonara ya kukuza mara 10 au zaidi, na kadi moja ya bei ya chini kutoka seti ile ile uwe nayo ya kulinganishia. Chini ya lenzi picha huonekana kama vitone vya rangi, lakini maandishi meusi na mistari ya fremu huwa wino mzito usio na vitone. Ukiona vitone ndani ya herufi nyeusi, wakati ile ya kulinganishia haina, kadi hiyo imepigwa skana ikachapwa upya. Na ikiwa imo ndani ya kasha la PSA, ingiza namba ya cheti kwenye tovuti yao na ulinganishe picha, si jina tu, maana waghushi hunakili namba za kweli wakazibandika kwenye makasha yao.

Kadi yenye kipande cha jezi igeuze usome nyuma kabla ya kulipa. Maneno ya hapo ndiyo mkataba. Kuna kipande kilichovaliwa kwenye mechi, kuna kilichovaliwa na mchezaji dakika chache kwenye upigaji picha, na kuna ambacho kampuni inasema wazi kwamba hakitoki kwenye mechi yoyote maalumu. Bei zake zitofautiane.

Kadi ikishafika, kazi ni kuitunza. Kadi ya kawaida ni milimita 63.5 kwa 88.9. Huvalishwa kwanza kifuko laini, sliv, ndipo iingie kwenye toploda, lile kasha gumu la plastiki. Hapa ndipo pembe nyingi huharibika, na huharibiwa na mwenyewe. Kata ncha moja ya mdomo wa sliv kimshazari, milimita mbili tatu tu. Shika kadi kwa kingo, panua mdomo kwa kidole gumba, uiteremshe taratibu ikiwa imeinama kidogo upande uliokatwa. Ikikwama usisukume, itoe uanze upya. Toploda hupimwa kwa pointi, kipimo cha unene: kadi ya kawaida huingia kwenye pointi 35, yenye kipande cha jezi huhitaji 130 au zaidi. Nyembamba ikiwekwa kwenye nene itacheza ndani na kujigonga. Mdomo ufunge kwa tepu ya mafundi rangi, usitumie seloteipu, ambayo kwenye joto huyeyuka ikaacha gundi.

Kupeleka kadi kupimwa daraja kunagharimu makumi ya dola kila moja, kwa hiyo peleka tu ambayo ikipata 10, daraja la juu kabisa, itarudisha gharama. PSA wanataka picha iwe katikati kwa 55/45 mbele ili kadi ipate 10, yaani ukingo wa upande mmoja usizidi 55 dhidi ya 45 wa upande wa pili. Pima kingo kwa rula kabla ya kujaza fomu. Mkwaruzo tafuta kwa tochi ya simu, ukiinamisha kadi huku na huku.

Siku ya kurudi nyumbani, kadi zikae kwenye begi la mkononi, kamwe zisiende kwenye mzigo wa chini. Beba ankara zote. Kadi chache ulizokusanya ni mali yako binafsi, lakini maboksi kumi yaliyofungwa yanafanana na biashara, na bidhaa za biashara Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) hutoza kodi, VAT peke yake ikiwa 18%.

Kampala na Entebbe adui ni unyevu. Kadi za kung'aa zina tabaka la plastiki juu na karatasi chini. Karatasi hunywa unyevu ikavimba, plastiki haivimbi, na kadi inajikunja kama kipande cha chapati. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, ndipo huharibika zaidi. Tumia kasha la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, tia vifuko vya silika na kipima unyevu kidogo, lenga asilimia 40 hadi 50. Silika ikishiba ibadilishe au uikaushe. Usihifadhi kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, hutunza jasho. Boksi la karatasi lisiguse sakafu wala ukuta, kwa sababu ya mchwa. Albamu iwe na kurasa za polipropilini. Zile za PVC laini zenye harufu kali hunata kwenye kadi.

Mpira wenye saini ni tabu kuusafirisha. Namba 7 una uzito wa takriban gramu 600, lakini kampuni nyingi za usafirishaji hukokotoa ukubwa: boksi la sentimita 25 kila upande, ukigawa kwa 5000, huhesabiwa kilo 3 na ziada. Utoe upepo, ila bakiza kidogo ili ngozi isikunjamane kwenye saini. Ukifika, uweke mbali na dirisha, maana jua hula wino.

Tumeacha jezi za nyumbani mwisho kwa sababu tunazipenda kuliko vyote. Jezi ya Silverbacks iliyochezewa Kigali mwaka 2021, walipowatoa Nigeria, ni adimu kuliko kadi nyingi za NBA, na ushahidi wake lazima uutengeneze mwenyewe. Ukiipata kutoka kwa mchezaji, mwombe aandike na kutia saini karatasi yenye tarehe, uwanja, mpinzani na namba ya jezi. Piga picha anapokukabidhi. Tafuta picha za mechi hiyo, ulinganishe mishono ya namba, jinsi nembo ilivyokaa na michubuko ya kitambaa. Namba zinazoshonwa kwa mkono hazikai sawa kwenye jezi mbili. Akitaka kutia saini, ingiza kadibodi ndani ya jezi wino usipenye mgongoni, na asaini juu ya namba badala ya kitambaa chenye matundu. Usiifue, kwani jasho na madoa ni sehemu ya ushahidi. Ikunje na karatasi nyeupe isiyo na asidi, na ile barua ya mchezaji iweke kwenye bahasha yake pembeni, isiguse kitambaa.