Pima kompresa kwa kutazama saa kabla hujalipa

Ukinunua kompresa ya karakana ya nyumbani, Darajani au Mwanakwerekwe hapa Unguja, usiridhike na kibandiko. Mwambie muuzaji aichomeke, toeni upepo wote tangini, kisha hesabu dakika mpaka mshale wa geji ufike baa 8 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Zidisha lita za tangi kwa 8, gawa kwa dakika: tangi la lita 50 likijaa kwa dakika 3, unapata kama lita 133 kwa dakika. Huo ndio upepo unaotoka; kibandiko mara nyingi huandika unaovutwa, ambao ni mwingi zaidi. Lita 133 kwa matairi zinatosha kabisa, kwa kupiga rangi kabati zima hapana. Umeme ukiwa mdogo dukani kipimo hakifai, mota huchoka. Jaribu pia koki ya chini ya kutolea maji, maana kwa unyevu wetu huu maji hujaa tangini upesi mno.