Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadilisha Viungo vya Usukani kwenye Gari la Kujiundia

Gari la kujiundia huwa ni mkusanyiko wa vipuri vya asili mbalimbali: raki ya usukani (fimbo yenye meno inayosogea kushoto na kulia unapozungusha usukani) imetoka kwenye gari hili, habu (vitovu vya magurudumu) zimetoka kwenye gari lile, na fremu imeundwa na mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana mara nyingi mkono wa usukani (kipande cha chuma kinachosukumwa ili gurudumu la mbele ligeuke) hugusa rimu, au tairodi (fimbo inayounganisha raki na mkono huo) huzidi nafasi iliyopo, na mjenzi akaanza kutafuta msumeno au mtungi wa gesi. Subiri kwanza. Breki za gari hugawanywa katika saketi mbili ili moja ikifa nyingine ibaki ikifanya kazi, lakini kati ya mikono yako na magurudumu ya mbele hakuna njia ya pili, na kipande kimoja kikikatika, vilivyobaki haviwezi kukusaidia.

Jiulize kama mabadiliko hayo ni ya lazima. Kihamishe kila kinachoweza kuhamishwa kabla hujaugusa mkono wa usukani wenyewe: vishikio vya raki vinaweza kukatwa na kulehemiwa upya kwa sababu ni chuma laini cha kawaida, rimu zinaweza kubadilishwa, na tairodi zenye urefu tofauti zinapatikana tayari zimetengenezwa kiwandani.

Jua chuma unachokishika. Hili naomba ulisome kwa utulivu. Mkono wa usukani kwa kawaida ni chuma kilichofuliwa, mara nyingi chenye kaboni ya takriban asilimia 0.4, kilichopashwa moto hadi kukaribia nyuzi joto 850 za Selsiasi, kikazamishwa kwenye mafuta ili kiwe kigumu, kisha kikapashwa tena kwa joto la chini zaidi ili ugumu huo usiambatane na wepesi wa kuvunjika. Nguvu zake zote zimo katika hatua hizo, wala hazionekani kwa macho. Mjenzi mwenzangu mmoja, mtu makini mwenye mkono mzuri sana wa kulehemu, alikuwa na mkono wa usukani uliokuwa ukigusa rimu kila alipokata kona hadi mwisho. Aliupasha kwa gesi hadi ukawa mwekundu, akaukunja kidogo tu, akaupoza kwa maji, akausugua na kuupaka rangi nyeusi. Ukiutazama ungeapa kwamba ulitoka kiwandani hivyo. Gari lilitembea kwa miezi kadhaa bila tatizo lolote, likafika barabara kuu, likabeba familia yake.

Ulikatika siku aliyokuwa akiegesha. Alizungusha usukani gari likiwa limesimama, ukasikika mlio mmoja mkavu, na gurudumu moja likageuka huku lenzake likibaki lilivyokuwa. Nilivishika vile vipande viwili. Upande wa nje wa mkunjo kulikuwa na eneo lenye umbo la mwezi mchanga, la rangi ya kahawia iliyokolea, na juu yake mistari myembamba iliyofuatana. Sehemu iliyobaki iling'aa na ilikuwa na chembechembe mpya. Eneo lile la giza lilikuwa ufa wa siku nyingi, uliokuwa ukikua chini ya rangi kidogo kidogo kila alipokata kona, na ile sehemu iliyong'aa ndiyo pekee iliyokuwa bado inamshikia gari lake. Kugeuza magurudumu gari likiwa limesimama huvipa viungo hivi mzigo mkubwa sana, kwa kuwa tairi hulazimika kusuguana na ardhi bila kuviringika, na kwa hiyo kilichokuwa kimebaki kilishindwa pale palipokuwa salama. Ingetosha shimo moja kwenye barabara kuu, tena kwa kasi, na nisingekuwa na moyo wa kulisimulia jambo hili. Baadaye alifunga rimu zenye ofseti tofauti, zilizosogea nje kidogo, na mkono mpya usiokunjwa ukapita bila kugusa chochote.

Kwa hiyo usiupashe moto, usiulehemu, wala usiukunje hata ukiwa baridi, kwa sababu kukunja baridi nako huacha msongo ndani ya chuma na huweza kuanzisha nyufa ndogo. Usiupeleke kupakwa kromu ili upendeze. Kazi hiyo huweza kuingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla. Ukinunua kipuri kilichotumika, kikague nyufa kwa rangi ya kupenya au kwa sumaku na unga wa chuma kabla ya kukifunga. Kipuri ambacho mtu mwingine alikwisha kukipasha moto, kitupe.

Tairodi inaweza kufupishwa, lakini kwa kukata uzi mpya (mizingo ya skrubu) kwenye mashine ya kukereza, si kwa kuunganisha vipande viwili kwa kulehemu. Uzi uingie ndani ya kiungo cha mwisho wa tairodi angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake, yaani milimita 18 kwa uzi wa milimita 12, na nati ya kufungia ikazwe kwa kuegemea kiungo hicho. Kama unatumia boljointi (viungo vyenye tufe ndani) za magari ya mashindano, zishikwe pande zote mbili na ziwekewe washa pana, ili tufe likichomoka tairodi isiondoke mahali pake. Nyingi hazina mpira wa kuzuia vumbi, kwa hiyo huchakaa upesi na hutaka kukaguliwa mara kwa mara.

Shina la boljointi lina umbo la koni, na koni za magari tofauti hazilingani. Paka rangi nyembamba kwenye shina, liingize kwenye tundu lake, litoe, kisha tazama kama limegusa kote. Likigusa ukingo mmoja tu, hilo si lake, na usijaribu kulijaza kwa kipande cha bati. Nati yenye meno isipolingana na tundu la pini, kaza mbele kidogo hadi ilingane. Usiilegeze kurudi nyuma.

Ukihamisha raki kutoka nyuma ya ekseli kwenda mbele yake, mikono ya usukani ikihamia mbele pia, mwelekeo wa kugeuka hubadilika: utazungusha kushoto na gari litaenda kulia, mpaka raki yenyewe ipinduliwe. Urefu na kimo cha tairodi navyo vifuate mikono ya saspensheni, la sivyo magurudumu yatajigeuza yenyewe kila yanapopanda na kushuka. Toa springi, inua gurudumu kwa jeki kidogo kidogo, pima, kisha andika.

Zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, saspensheni ikiwa juu na ikiwa chini. Raki ifike kikomo chake kabla boljointi haijabana, na mipira ya breki isiguswe na chochote. Kagua pia kwamba viungo vya shafti ya usukani havijapinda kupita kiasi.

Zungumza na mkaguzi wa magari kabla ya kazi, si baada yake, na utunze stakabadhi za kila kipuri. Safari ya kwanza iwe fupi, ya polepole, mahali pasipo na watu. Ukirudi, kagua kila nati na kila pini, kisha rudia baada ya safari ya pili, na usikubali haraka ya mtu yeyote, hata yako mwenyewe. Usukani ukilegea ghafla, ukivuta upande mmoja au ukitoa mlio ambao jana haukuwepo, simama hapo hapo na uitishe gari la kukuvuta.